Shukrani Wakati Majani Yanapopukutika



Mwezi wa Oktoba kwetu Kilimanjaro ni mwezi wa kutazama mawingu. Vumbi ni jingi barabarani, mijakaranda ya mjini Moshi imechanua zambarau, na kila mama mwenye shamba anajiuliza kama mvua za vuli zitawahi au zitachelewa. Kule Ulaya mwezi huo huo una sura nyingine kabisa. Joto linaondoka, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na miti inaanza kumwaga majani. Kamusi zetu huyaita majira hayo vuli pia, lakini ni vuli isiyofanana na yetu. Ya kwetu huleta majani mabichi, ya kwao huyaondoa.

Niliyaona majira hayo mwaka 2023, nilipokwenda Ujerumani na wenzangu watatu wa umoja wa wanawake kutembelea usharika rafiki karibu na mji wa Leipzig. Wakristo wengi wa Kilimanjaro wanalijua jina la mji huo, maana wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Mimi ni muuguzi, sikusomea theolojia. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho ya muuguzi na ya mama wa nyumbani, nayo yanahusu jambo moja tu: namna ya kumshukuru Mungu kila siku, hata katika majira ambayo vitu vinaondoka badala ya kuja.

Jani linapoanguka

Nilikaa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha elimu ya viumbe. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mwezi wa Novemba. Mkalimani wetu alikuwa binti wa usharika ule ambaye aliwahi kujitolea mwaka mmoja katika shule ya chekechea mjini Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa safi hata akanisalimu "shikamoo mama" siku ya kwanza kwenye kituo cha treni.

Siku ya pili mama mwenyeji alitupeleka kutembea msituni. Njia yote ilikuwa imefunikwa majani ya njano na ya kahawia, na kila upepo ulipopita mengine yalishuka. Nikamwambia kwamba kwetu mti ukimwaga majani namna ile tungesema umekufa kwa ukame. Alicheka, kisha akatufundisha kama wanafunzi wake.

Alisema rangi ya kijani ya jani inatokana na kitu kiitwacho klorofili. Siku zinapofupika, mti huivunjavunja klorofili hiyo na kurudisha ndani ya matawi na shina sehemu kubwa ya virutubisho vilivyokuwa katika jani. Kijani kikiisha, rangi ya njano ambayo ilikuwamo siku zote ndipo inapoonekana. Kisha mti huziba mahali jani liliposhikana na tawi, hata jani likianguka hapabaki kidonda wazi. Aliinamisha tawi moja akanionyesha kovu dogo, na juu yake tu palikuwa na kichipukizi kigumu kama punje, kimefungwa kwa magamba.

"Hiki ndicho jani la mwakani," alisema. "Hakikuanza leo. Kipo hapa tangu wakati wa joto."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Mti hauanzi kujiandaa siku ya theluji. Huanza wakati bado una majani mengi na jua linawaka.

Jumapili ya shukrani ya mavuno

Huko Ujerumani ibada ya shukrani ya mavuno hufanyika kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kwa sisi tuliozoea sikukuu ya mavuno, mambo mengi hayakuwa mageni. Mbele ya altare walikuwa wamepanga maboga, kabichi, viazi, karoti, vitunguu, matofaa, zabibu, chupa za asali na mkate mkubwa wa duara. Juu yake kilining'inia kitu kama taji kubwa, kilichosukwa kwa masuke ya nafaka. Watoto waliingia na vikapu vyao, mmoja amebeba karoti moja tu kwa mikono miwili, kwa heshima kama mtu aliyebeba kikombe cha Chakula cha Bwana.

Tofauti niliiona baada ya ibada. Kwetu baada ya baraka tunatoka nje kwenye mnada, kuku analia, ndizi zinapandishwa bei, na fedha inaingia katika kazi ya usharika. Pale hapakuwa na mnada. Vyakula vilipakiwa katika magari vikapelekwa kwa shirika linaloitwa Tafel, yaani "meza". Shirika la namna hii lilianzishwa Berlin mwaka 1993 na kikundi cha wanawake walioona chakula kizuri kikitupwa huku watu wengine wakilala njaa. Sasa yapo zaidi ya 900 katika nchi ile. Hukusanya chakula kinachobaki madukani na kwenye mikate na kuwagawia wenye kipato kidogo. Nilifurahi kusikia kwamba walioanza ni akina mama, tena walianza na kile walichokiona kila siku.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli anaagizwa kuweka malimbuko katika kikapu, kuyapeleka mbele za Bwana, na kusimulia kwa kinywa chake jinsi Mungu alivyomtoa utumwani. Kisha aifurahie baraka ile pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Shukrani ya Biblia ina kikapu, ina maneno, na ina mtu wa kumgawia. Kikikosekana kimoja, nyingine zinapungua nguvu.

Mchungaji aliyezika mji wake

Si mbali na Leipzig, kando ya mto Mulde, kuna mji mdogo uitwao Eilenburg. Huko alizaliwa mwaka 1586 Martin Rinckart, ambaye baadaye alirudi kuwa mchungaji wa mji huo huo. Alihudumu wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, vilivyodumu tangu 1618 hadi 1648. Kwa kuwa Eilenburg ulikuwa na kuta, wakimbizi walijazana ndani yake, na mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wengine wakafa au kuondoka, naye akabaki peke yake. Inasimuliwa kwamba alizika watu zaidi ya 4,000. Mke wake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofariki mwaka huo.

Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani unaoimbwa hadi leo na Wakristo wa nchi nyingi. Niliposikia hivyo nilidhani aliutunga baada ya msiba, kama faraja. Mama mwenyeji alinieleza kwamba wataalamu wengi wanaona uliandikwa karibu mwaka 1630, yaani kabla ya tauni, na kwamba mwanzoni ulikuwa sala fupi ya familia mezani. Vita vilikuwapo tayari na chakula kilikuwa cha shida, lakini watoto waliketi mezani na baba akawafundisha kumshukuru Mungu kwa walichopata. Siku mbaya ilipofika, ile sala ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika nyumba ile.

Mama mwenyeji naye alikuwa na desturi yake. Kila jioni, hata akiwa peke yake, aliwasha mshumaa, akakaa mezani, akasema sala ya chakula kwa sauti na kutaja mambo matatu. Jioni ya tarehe 9 Oktoba alitaja matofaa aliyoletewa na jirani, barua ya mjukuu wake, na kwamba usiku kama ule mwaka 1989 yeye na mumewe walirudi nyumbani salama. Usiku huo watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig baada ya maombi ya amani makanisani, mbele ya askari wenye silaha, na damu haikumwagika.

Nilimwuliza kama hauogopi mwezi wa Novemba unaokuja. Mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Alinyamaza kidogo. "Naogopa sana," alisema. "Baridi si kitu, ni lile giza. Ndiyo maana nashukuru kwa sauti, ili masikio yangu yasikie."

Neno lililobaki

Wiki ya tatu tulitembelea nyumba ya kutunzia wazee. Hapo nilijisikia nyumbani, maana kazi ni ile ile: kugeuza mgonjwa, kubadili shuka, kulisha polepole. Muuguzi wa zamu alinipeleka kwa bibi mmoja aliyepatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ulikuwa umepooza, na alikuwa amepoteza usemi. Alipojaribu kuomba maji, neno lilikataa kutoka, machozi yakamlengalenga.

Muuguzi alimpa kikombe na kumshikia. Bibi akanywa, akashusha pumzi, na neno likatoka wazi kabisa: "Danke." Yaani asante. Muuguzi aliniambia kwamba hilo, pamoja na sala ya Baba Yetu akianzishiwa, ndiyo karibu yote aliyobaki nayo.

Sisi wauguzi tunayaona haya hata hapa kwetu. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayotunga maneno, mara nyingi mambo yaliyosemwa kwa mazoea ya miaka mingi hubaki: salamu, nyimbo, sala, na kwa bahati mbaya hata matusi. Mgonjwa asiyeweza kutaja jina la kijiko anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani. Nilipotoka pale nilijiuliza: je, Bwana akiruhusu nifikie hali ile, ni neno gani nimelirudia nyumbani mwangu mara nyingi kiasi cha kubaki? Kila mama ajiulize hivyo hivyo. Je, ni "asante", au ni "mmeniudhi"?

Tuanzie wapi nyumbani kwetu?

Kwetu hakuna theluji, lakini kila nyumba ina vuli yake ya majani kuanguka. Mtoto wa mwisho anakwenda shule ya bweni, mume anapunguzwa kazini, mama mzazi anaanza kusahau majina yetu, kahawa inakosa bei. Tukingoja siku hiyo ndipo tujifunze kushukuru, tutakuwa tumechelewa. Haya ni mambo machache tunayoweza kuanza leo.

1. Sala ya chakula isiwe ya kukimbizwa. Mtoto mmoja kila jioni ataje kitu kimoja cha kushukuru na mtu aliyefanya kazi ili kipatikane: baba, dereva wa gari la mahindi, au bibi aliyepalilia maharage.

2. Asante itamkwe ndani ya nyumba kwa majina. Mume asikie, watoto wasikie, na binti anayetusaidia kazi asikie. Ni vigumu kuamini kwamba tunamshukuru Mungu tusiyemwona, ikiwa binti aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto hajawahi kuambiwa asante.

3. Tutoe limbuko, tusitoe makombo. Mkungu wa kwanza, au kopo la kwanza la mahindi mapya, lijulikane mapema ni la mjane gani au mgonjwa gani. Mtoto ndiye alipeleke.

4. Tuwataje marehemu wetu kwa shukrani. Kwa Waprotestanti wa Ujerumani, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio ni siku ya kuwakumbuka waliofariki, desturi iliyowekwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816. Katika sharika nyingi majina ya waliofariki mwaka ule husomwa mmoja mmoja. Nasi tunaweza kufanya hivyo mezani: kutaja jina, na jambo moja jema alilotuachia.

5. Tusimlazimishe mwenye msiba kushukuru. Katika wodi ya wazazi nimewaona watu wema wakimwambia mama aliyefiwa na mtoto mchanga kwamba amshukuru Mungu. Paulo anapotuagiza kushukuru (1 Wathesalonike 5:18), Kigiriki alichokiandika kina maana ya kushukuru tukiwa ndani ya kila hali. Si kuuita msiba zawadi. Mpelekee uji, mfulie nguo, kaa naye. Siku yake ya kushukuru itakuja, nawe utakuwa mmoja wa atakaowataja.

Luka sura ya 17 inatueleza kwamba Bwana Yesu aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja, naye alikuwa mgeni. Alirudi akipaza sauti. Tusione haya nasi kupaza sauti jikoni, shambani na mezani, wakati majani yangali mabichi. Watoto wetu wanasikiliza, na wanayoyasikia leo ndiyo yatakayobaki nao siku ambayo sisi hatutakuwapo.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.