Upande wa Pili wa Fomu

Kazi yangu kwenye kikundi chetu cha maigizo ilikuwa kushika fomu ya mahudhurio. Hapa Ulemo kazi hiyo ilinipa heshima kuliko kuigiza, maana asiyesaini kwangu hapati soda.

Hiyo ni 2008. Tulikuwa na fulana za njano, ngoma mbili, maleba kwenye sanduku la bati, na mfadhili. Tulizunguka wilaya yetu ya Iramba kwa gari la kukodi, tukishuka minadani, ngoma inapigwa, watu wanajaa, tunaigiza baba mlevi aliyeleta ukimwi nyumbani. Mwishoni mwezeshaji anauliza: je, jamii ifanye nini? Akina mama wanajibu bila kukosea, kwa sababu igizo lile walishaliona mara nne. Kisha wanapanga foleni, wanasaini. Asiyejua kuandika anabonyeza dole gumba.

Sisemi tulidanganya. Tulizika watu wengi miaka ile. Ila mzee mmoja alinivuta pembeni akaniambia, "Mjukuu wangu, mnakuja kutuuliza swali na jibu mnalo mfukoni."

Mwaka 2012 mradi ukafungwa. Barua ilisema vipaumbele vimebadilika, basi. Posho ikakata, na gari nalo likakata. Waigizaji wetu wawili hodari wakaenda kujaribu bahati kwenye machimbo ya dhahabu, huko Sekenke. Nilidhani tumekwisha.

Mwalimu wetu wa sanaa, aliyesomea chuo cha sanaa Bagamoyo, hakushtuka sana. Chuo chenyewe, alisema, kilianzishwa 1981 baada ya vikundi vya taifa vya ngoma na maigizo kuvunjwa, kwa hiyo yeye kalelewa na mambo ya kuvunjwa. Akatoa kwenye begi tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya 1969, jalada limeshonwa kwa uzi wa viroba. "Hatuna maleba mapya wala muda wa kukariri," akasema. "Tutaisoma."

Kitabu kimoja, wasomaji tisa. Ilibidi kila mmoja anakili maneno yake, pamoja na neno la mwisho la mwenzake ili ajue lini aingie. Karatasi tulikuwa nazo: rundo la fomu za mahudhurio, upande wa nyuma mweupe kabisa.

Tulisoma Jumamosi usiku, darasani, alizeti zikiwa zimeshavunwa. Hakuna kiingilio, hakuna soda, hakuna kusaini. Maelekezo ya jukwaani alipewa kijana wa bodaboda, naye aliyatangaza kwa sauti kuliko Kinjeketile mwenyewe. Alipofika pa kuzima taa, mtoto aliyeshika taa yetu ya sola akatii, akaizima. Giza. Wasomaji wote kimya, karatasi mkononi. Watu walicheka hadi madawati yakalia.

Lakini kicheko kile kilikuwa kimetanguliwa na jambo lililonishangaza zaidi. Mwanzoni kabisa wanawake wawili wanazungumzia uhaba wa chakula, huku wanaume wao wakitumikishwa shambani kwa Mjerumani. Mama mmoja nyuma akaitikia, "Ni kweli mwanangu," kama anayeongea na jirani kisimani. Hakuna aliyemfundisha mahali pa kuitikia. Huku kwetu mvua ikiruka msimu mmoja tu, mazungumzo yale husikika kila nyumba.

Na mwisho wake ukawatia ubishi. Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi yalikuwa uongo, ingawa watu wamekufa. Alikuwa mwongo au shujaa? Mwalimu alikataa kuwajibu. Asubuhi nilikuta ubishi umehamia kwenye mashine ya kukamua alizeti, na wengine hata darasani hawakuwepo.

Baadaye tukasoma Nguzo Mama ya Penina Muhando, na wanawake wakadai nafasi zote wasome wao. Siku nyingine tunasomea watu tisa, ngozi ya ngoma moja imepasuka, na nauli kila mtu anajitegemea. Fulana ya njano ninayo bado, nalimia.

Juzi bibi mmoja aliokota karatasi iliyonidondoka. Akaitazama upande wa fomu, akaweka kidole chake juu ya alama moja ya wino wa zambarau. "Hili si dole langu?" Huenda lilikuwa lake. Akaigeuza. "Na huku pameandikwa nini?"

Nikavuta benchi, nikamsomea.