Vitabu vitatu nilivyompelekea mwalimu kambini

Mwezi uliopita nilifika kambi ya Kigonze, hapa Bunia, kuchukua sauti za wahami wa vita kuhusu bei ya unga. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu huko Djugu alinishika mkono.

« Mwana wangu, wewe unasema kila siku kwa redio. Niletee kitabu. Vyangu viliungua pamoja na nyumba. Lakini usiniletee hadithi za kutunga, wala kitabu cha kunidanganya kwamba yote ni mazuri. Niletee mtu aliyeona mabaya kweli, na bado anaomba. »

Nilimjibu « Ndiyo, mwalimu » haraka haraka, kama tunavyozoea sisi waandishi wa habari. Kisha nikakaa juma zima bila kujua nimpelekee nini. Nyumbani nina vitabu kumi na viwili, vyote vya Kifaransa, vingi nimevinunua sokoni vikiwa vimeshatumika. Mimi ni Mkristo na nasoma vitabu vya imani tangu sekondari. Lakini neno la mzee lilinilazimisha kuviangalia upya. Kipi kinaweza kuingia ndani ya hema bila kumuaibisha mwenye hema? Nikachagua vitatu. Ninawaeleza na ninyi, wasikilizaji na wasomaji, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza swali kama lake.

Cha kwanza ni kitabu cha Corrie ten Boom, kilichotoka mwaka 1971. Corrie alikuwa fundi wa saa katika mji wa Haarlem, Uholanzi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, yeye na jamaa yake waliwaficha Wayahudi nyumbani mwao, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala. Tarehe 28 Februari 1944 walikamatwa. Baba yao mwenye miaka 84 alifia gerezani baada ya siku kumi hivi. Dada yake Betsie alifia katika kambi ya Ravensbrück mwezi wa Desemba mwaka huo.

Kitabu hicho nilimsomea mama yangu kwanza, jioni kwa jioni, nikitafsiri kwa Kiswahili. Mama anaishi kwetu tangu 2018, alipokimbia kijiji akiwa na kitenge kimoja na sufuria. Tulifika mahali ambapo Betsie anamshukuru Mungu hata kwa ajili ya viroboto waliojaa katika nyumba yao ya wafungwa. Mama akanikatiza: « Huyo hakulala na viroboto sawasawa. » Nikaendelea kusoma. Baadaye Corrie anaeleza kwamba walinzi waliogopa kuingia humo kwa sababu ya viroboto hao, na ndiyo maana wanawake waliweza kusoma Biblia kwa siri. Mama akanyamaza kidogo, akasema: « Sawa. Lakini bado siwashukuru. » Tulicheka sana usiku ule.

Hatukucheka tulipofika kwenye msamaha. Mwaka 1947, huko Munich, Corrie alimaliza kuhubiri, na mmoja wa walinzi wa zamani wa Ravensbrück akaja kumpa mkono. Anakiri kwamba mkono wake ulikataa kuinuka. Aliomba Mungu amsaidie, ndipo akauinua. Mama aliniambia nifunge kitabu. Sikumlazimisha, maana na mimi kuna watu ambao sijaweza kuwapa mkono. Ninachopenda ni kwamba Corrie hafichi jinsi ilivyokuwa ngumu. Wahubiri wengine huja kambini na neno « sameheni » kama mtu anayegawa sabuni. Yeye anaonyesha bei yake.

Cha pili kinanigusa kwa ajili ya kazi yangu. C. S. Lewis alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Kuanzia mwaka 1941, wakati Uingereza iko vitani na miji yake imepigwa mabomu, redio ya BBC ilimwita aeleze imani ya Kikristo kwa watu wa kawaida. Maneno yale ya redio ndiyo yaliyokusanywa kuwa kitabu *Mere Christianity* mwaka 1952. Anaanza na jambo ambalo hata watoto wanalijua: tunapogombana, kila mmoja husema « umenionea ». Kwa hiyo sisi sote tunajua kuna haki, hata yule anayeivunja. Anaenda hatua kwa hatua, kwa maneno mepesi, kama anavyopaswa mtu anayesema na wasikilizaji asiowaona. Lakini ukiwa na msiba mpya, usianze na hicho. Tafuta kidogo alichoandika baada ya mke wake kufariki mwaka 1960. Humo hafundishi. Analia, anamuuliza Mungu maswali makali, na haoni haya.

Cha tatu ni kikubwa na kigumu, nami sijakimaliza: *Mji wa Mungu* cha Agostino. Huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mwaka 410 Roma ilivamiwa na kuporwa, na watu wengi wakakimbilia Afrika ya Kaskazini. Naam, wakati ule wakimbizi walitoka Ulaya wakaja Afrika. Waliuliza maswali yetu: Mungu alikuwa wapi? Agostino alianza kuwajibu karibu na mwaka 413, akamaliza karibu na 426: vitabu 22.

Katika kile cha kwanza anasema juu ya wanawake waliobakwa na maaskari. Anashikilia kwamba mwanamke ambaye hakukubali hana hatia wala hakupoteza usafi wake. Dhambi ni ya aliyembaka. Miaka 1.600 imepita. Na bado hapa kwetu kuna mabwana wanaofukuza wake zao kwa jambo hilo, na kuna makanisa yanayowaangalia kwa jicho baya. Mama na dada mnaonisikiliza, kama mtu wa dini aliwaambia mmechafuka, jueni kwamba askofu huyu Mwafrika alikwisha kumpinga zamani sana.

Nilipeleka vyote vitatu. Niliporudi baada ya majuma mawili, cha Corrie hakikuwapo. Kilikwenda hema la jirani, kikaendelea mbele, na jalada limeshatoka. Mwalimu aliomba radhi. Agostino alikuwa mapajani mwake. Aliniambia anatafsiria watu kila baada ya chakula, wakati chakula kipo, na kwamba mwanamke mmoja alimuomba arudie ukurasa ule mara tatu, kisha akaondoka bila kusema neno.

Unga haujapungua bei, na kitabu hakijazi tumbo. Lakini mzee alinisindikiza hadi barabarani akinipinga juu ya Lewis, kwa sauti ya darasani, na watoto wakimfuata nyuma. Kama unacho kitabu usichokisoma tena, mpelekee mtu aliyepoteza vyake. Nyumbani, mama ameniomba tufungue tena pale tulipofunga.