Mkutubi wa Chuo Kikuu na Maandiko ya Delta ya Rufiji

Mafunzo ya wakutubi wa vyuo vikuu vya Tanzania, kwa wanaoyakumbuka tangu miaka ya 1960, yalianzia nje ya mipaka, kwani aliyetaka kuisomea kazi hiyo alikwenda Uingereza au Makerere, ambako Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1963. Waliobaki walifundwa kazini na wakubwa wao, na somo zito lilikuwa katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, iliyopigwa taipu kwenye kadi ngumu zenye tundu chini, zikapitishwa chuma ndani ya droo ili zisichanganyike. Kitabu kilitengenezewa kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada, na hiyo ya mada ndiyo iliyompima mwanagenzi: ripoti ya Audun Sandberg ya 1974 kuhusu kilimo cha delta ya Rufiji, ikiwekwa chini ya kilimo peke yake, humpotea anayetafuta habari za mafuriko.

Baadaye mafunzo yalirudi nyumbani, kwanza Bagamoyo, kilipoanzishwa chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza shahada ya uzamili ya taaluma ya habari katika miaka ya 1990. Kompyuta zilipoingia, na programu huria kama Koha, ambayo maktaba huitumia bila kuilipia leseni, semina zilihamia kwenye kubofya na kutafuta, na zilikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Lakini ule uzoefu wa kupima mada ulipungua, na hasara yake inaonekana wilayani Kibiti kuliko kwingineko. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Rufiji ikiwa na vijiji vya delta, ilhali tafiti za zamani, pamoja na zile za mradi wa mazingira wa Rufiji wa 1998 hadi 2003, zinataja wilaya ya awali. Mwanafunzi anayeandika "Kibiti", au kata zake za "Salale" au "Maparoni", kwenye kompyuta anaweza kudhani kwamba mikoko ya huko haijawahi kuchunguzwa, kumbe rekodi haikuongezewa jina la mahali. Kuihuisha rekodi ya namna hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mkutubi aliyefundishwa kuisoma ripoti yenyewe na anayezijua kata za delta. Vyuo vikuu, basi, viwapeleke wakutubi wao Kibiti na Nyamisati kama sehemu ya mafunzo, wakiwa na orodha za ripoti hizo mkononi.