Mji Mkongwe, Kivulini na Usiku

Picha nyingi za Unguja zinazozunguka duniani zina vitu vitatu: mchanga mweupe, maji ya feruzi na mnazi ulioinama. Ni picha za kweli, na fukwe zile zinastahili kusifiwa. Lakini anayeijua Unguja kwa picha hizo peke yake bado hajauona Mji Mkongwe, kwa sababu mji huu haukujengwa kulipokea jua, ulijengwa kujikinga nalo. Mimi nasomea upigaji picha Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti iendayo kasi, na sijui darasa la mwanga lililo bora kuliko vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo.

Anza na kuta. Nyumba za mji huu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu, kwa hiyo vyumba vilibaki vyembamba na nyumba zikatafuta nafasi kwenda juu, ghorofa mbili, tatu, zikisogeleana hadi njia kati yake ikawa ya kupishana watu wawili kwa adabu. Jua likichomoza linashika sehemu ya juu ya ukuta mmoja tu. Ukuta huo wa chokaa ndio unaowaangazia walio chini. Mwanga unaugonga, unarudi upande wa pili, unashuka ukipoteza makali yake, na ukifika usawa wa baraza umekuwa laini kiasi kwamba mtu aliyekaa pale hana ule weusi mkali chini ya nyusi ambao jua la mchana humpa kila mmoja wetu. Studio hununua miavuli na vitambaa vyeupe kuutafuta mwanga wa namna hiyo. Hapa unapatikana bure, tangu asubuhi hadi alasiri.

Kuna siku chache tu ambazo kuta hushindwa. Unguja iko nyuzi 6 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Nilichagua Oktoba. Saa sita ikipita kidogo, mwanga hudondoka wima kati ya nyumba mbili, na mstari mweupe hutokea katikati ya njia ambayo kwa kawaida haina jua. Anayepita huwaka kichwani na mabegani, kivuli chake kikiwa chini ya nyayo zake, na hatua mbili mbele ameshamezwa na giza la mlango. Muda wake ni mfupi. Nilisimama kona moja ya Mkunazini nikangoja watu waingie wenyewe kwenye mstari ule, na sikutamani kuwa mahali pengine popote.

Kazi yote ya mchana niliifanya kwa nyeusi na nyeupe. Si kwa kuupenda ukale. Rangi ina tabia ya kusema kwanza: kanga nyekundu, mlango wa kijani, rundo la maembe, na jicho la mtazamaji huishia hapo. Ukiiondoa, yanabaki mambo ambayo mji huu unayo kwa wingi, yaani umbo, uso wa jiwe na ngazi za kijivu kati ya jua na kivuli. Tena ni mji unaomfundisha mwanafunzi kutoiamini kamera yake. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani kila kitu ni kijivu. Kanzu nyeupe ikijaza picha, nacho kinaifanya ya kijivu, na hapo ni lazima uongeze mwanga hatua moja au moja na nusu ili weupe urudi. Buibui jeusi nalo hugeuzwa kijivu, na hapo unapunguza. Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini kwa pamoja wamevaa kanzu, mbele ya ukuta uliokuwa mweupe zamani na sasa una madoa ya mvua za miaka, utajifunza tofauti ya nyeupe na nyeupe kwa nusu saa zaidi kuliko kwa muhula mzima wa darasani.

Milango inataka subira ya namna nyingine. Kila mgeni huipiga picha, na wengi huipiga ikiwa imetazamana na jua, hivyo nakshi zote hulala. Nakshi ni kina: mnyororo uliochongwa pembezoni mwa fremu, maua ya yungiyungi, wakati mwingine magamba ya samaki, na vile vichwa vya shaba vilivyochongoka. Kina huonekana mwanga ukija kutoka ubavuni. Ukuta ukiwa unatazama kaskazini au kusini, saa mbili asubuhi jua huupitia kwa kuuparuza, na hapo mchongo uliochakaa kwa miaka mia moja unasimama kama jana. Nenda mlango huohuo asubuhi na alasiri, uone unavyobadilika.

Katika Barabara ya Kenyatta, Shangani, iko Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na baadaye kushikwa na mwanawe Rohit. Mtu yeyote anayeipenda kazi hii aende pale kwa heshima. Kuta zimejaa picha za nyeusi na nyeupe: masultani, maharusi, majahazi bandarini, mitaa ambayo bado unaweza kuitembelea ukaikuta. Kabla ya akina Oza walikuwapo wengine, akiwemo A. C. Gomes aliyekuwa na studio hapa katika karne ya 19. Nikizitazama picha za zama zile niliona kwamba mbingu zake karibu zote ni tupu, nyeupe pe, kana kwamba Zanzibar haikuwa na mawingu. Mawingu yalikuwapo. Vioo vya kupigia picha vya wakati ule vilipokea mno mwanga wa buluu, kwa hiyo anga lilikuwa jeupe kabla mawingu hayajaandikika. Kesho yake niliweka chujio la manjano mbele ya lenzi na kupiga mnara wa Msikiti wa Malindi, ule wa umbo la pia, nikiwa na mawingu ya vuli nyuma yake. Nilihisi ninajaza nafasi ambayo wazee wangu wa kazi waliiacha kwa sababu vifaa vyao havikuwaruhusu.

Na picha hizo si mapambo. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani pande zote, jengo la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme, liliponea mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakapoteza maisha. Leo mtu wa umri wangu akitaka kujua mnara ule ulivyokaa juu ya Forodhani, anategemea picha. Wale waliosimama na stendi zao miaka mia iliyopita wakapiga jengo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyedhani litaanguka, walitufanyia wema mkubwa. Ndiyo maana nilipiga hata nyumba za kawaida: ngazi, kidirisha, ukuta ulioegemezwa magogo usianguke. Nyumba za chokaa hutaka kutunzwa kila mwaka, na si zote zinazotunzwa.

Jioni mji unageukia magharibi. Pwani ya Shangani na Forodhani inatazama machweo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka. Kati ya jua kugusa maji na anga kuwa jeusi una dakika ishirini na kidogo. Ukipata siku za bamvua, mwezi mpevu au unapoandama, utaona mambo mawili. Alasiri, kama saa kumi, bahari imejaa hadi ukutani, na vijana wa Forodhani huanza kukimbia na kujirusha, mmoja akipinduka hewani, mwingine amekunja magoti. Dhidi ya jua hawana sura, ni maumbo matupu meusi, na shata inahitaji kasi, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Usiku saa nne maji yamekupwa, yameshuka karibu mita 4, mashua zimelala ubavu mchangani, na mwezi ukiwa mpevu, mchanga ule uliolowa unaurudisha mwanga wake. Pale shata huachwa wazi sekunde nyingi. Bahari ileile, mwendo ambao mchana unaugandisha na usiku unauacha uyeyuke.

Forodhani yenyewe baada ya Magharibi ni moshi na taa. Wauzaji wenye kofia nyeupe wamepanga mishikaki, ngisi, mihogo. Kuna urojo, kuna juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako. Kwa kamera ya rangi ni mahali pagumu: balbu moja ni ya manjano, jirani yake ametundika taa nyeupe yenye ubuluu, chini kuna mkaa mwekundu, na uso mmoja hubeba rangi tatu zinazogombana. Kwa nyeusi na nyeupe ugomvi huo huisha. Taa zote huwa mwanga tu, mkali au hafifu, karibu au mbali, na moshi unaopita mbele yake hupata umbo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini usiku na nyeusi na nyeupe ni ndugu.

Jaws Corner, kwenye makutano ya vichochoro ambapo wazee hunywa kahawa na kucheza karata na dhumna, sikutoa kamera mara moja. Picha ya mtu ni amana, na hapa watu hawapendi kuvamiwa. Niliamkia, nikaomba ruhusa. Mzee mmoja akanijibu, "Kaa kitako kwanza, mwanangu. Unywe kahawa." Nikanywa, ile chungu ya kwenye dele, pamoja na kashata. Akanisimulia ile miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, na namna walivyoujua mji kwa kupapasa kuta, kila mtu akiitambua kona yake kwa mkono. Kisha akaniambia, "Haya, piga."

Nikaiweka kamera juu ya baraza ya jirani, nikaacha shata wazi sekunde nane. Katika picha hiyo wapita njia na pikipiki wametoweka, wamebaki michirizi tu. Waliokaa wamebaki: kikombe, mikono, karata, macho yaliyotulia. Kupiga usiku kunawapa haki watu wanaokaa pamoja bila haraka, na sijui mji mwingine ambao umejengwa na viti vya mawe mbele ya kila mlango kwa ajili yao. Picha yake nimeshaisafisha kwenye karatasi, na itakwenda kwake kabla haijakwenda kwa mwalimu wangu.

Kazi iliyobaki iko Ng'ambo. Ukivuka Barabara ya Benjamin Mkapa, palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa, unafika mtaa wanakoishi wengi wa watu wa mjini, na Michenzani yanasimama majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yamenyooka, yana mamia ya madirisha, na usiku kila dirisha lina taa yake. Watalii hupita hapo kwa gari wakielekea fukweni. Mimi safari ijayo naanzia hapo, jioni, kwa miguu, nikiwa na stendi na salamu.