Mkato mmoja ulivyogeuza kilo 1,250 kuwa kilo 1

Leo nasimulia kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita wa ufuta nilisaidia kikundi kimoja kujumlisha mizigo ya wanachama. Karani alikuwa na faili la CSV, yaani maandishi ya kawaida tu: kila mstari ni mkulima mmoja, na mkato hutenganisha jina, kijiji, kilo na namba ya simu. Nikaandika programu fupi kwa lugha ya Python isome kila mstari, ikate kila penye mkato, kisha itoe orodha ya malipo. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa dakika chache. Nikabandika orodha ghalani, nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi mama mmoja akanifuata, stakabadhi mkononi. "Bwana shamba, nimeleta kilo 1,250. Mbona hapa naona kilo 1?"

Nikafungua faili. Karani aliandika 1,250, kama tunavyoandika sote. Programu ilikata hapo: 1 ikabaki kwenye kilo, 250 ikasogea kwenye namba ya simu. Haikulalamika hata kidogo. Wenye chini ya kilo elfu walikuwa sawa, ndiyo maana sikushtuka. Waliopunjwa ni wale waliovuna zaidi.

"Samahani sana, mama," nikasema, nikaibandua karatasi. Bahati njema malipo yalikuwa hayajatoka.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Kilo na fedha naandika bila mkato: 1250. Penye ulazima wa mkato, nafunga kwa alama za kunukuu: "1,250".

2. Sikati mistari mwenyewe. Natumia moduli ya csv iliyomo ndani ya Python, inayotambua alama hizo. Mstari usio na safu nne, programu inasimama na kunionyesha.

3. Matokeo naandika kwenye faili jipya. Ukifungua faili la zamani kwa herufi "w", yote yaliyomo yanafutika; "a" huongeza chini.

4. Kabla ya kubandika, nalinganisha jumla na daftari la mizani.

Nawe usiye na kompyuta, tunza stakabadhi yako. Kosa langu halikugunduliwa na mashine; liligunduliwa na mama aliyetunza karatasi yake.