Pumzi ya mama inasema kitu



Hapa Kolwezi tunaishi na mavumbi. Malori ya madini yanapita, wengine wetu tunaosha mawe na kuyachagua, na kila magharibi tunawasha mbabula ya makala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa Kasulo. Mwaka 2018 waliandika kwamba kobalti ilikuwa nyingi katika damu na mkojo wao, zaidi kwa watoto.

Kati yetu kuna wamama wanaokohoa mwaka mzima. Siku nyingi wanakwenda sokoni bila shida. Halafu kifua kinabana, makohozi yanabadilika rangi, usiku wanalala wameketi. Waganga wanaita ugonjwa huo BPCO. Jirani anasema ni ulozi, na siku zinapita. Lakini kila mara ugonjwa unapopanda hivyo, mapafu yanaweza kubaki dhaifu kuliko mbele.

Pumzi tunayotoa ina habari zake. Mwaka 1971 Linus Pauling, mwanasayansi wa Marekani, alikuta ndani yake vitu karibu 250. Mapafu yakivimba, mchanganyiko huo unabadilika. Huko Leicester, Uingereza, watafiti walikusanya pumzi za wagonjwa waliofika hospitali wakikosa hewa. Mwaka 2022 walionyesha kwamba inaweza kusaidia kutenganisha pumu, BPCO, homa ya mapafu na ugonjwa wa moyo.

Mashine hizo ni za watafiti. Lakini ili kujua ugonjwa umepanda, lazima kujua mtu yuko namna gani siku yake nzuri, na hilo sisi tunaliweza. Tumepatana kila mama mgonjwa awe na kaye. Mtoto wa shule aandike: leo mama amesimama mara ngapi njiani toka bombani? Makohozi yana rangi gani? Amelala vizuri?

Siku mbili mbaya zikifuatana, tumpeleke kwa munganga na kaye yake. Akishindwa kumaliza maneno kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka bluu, tusingoje hata saa moja. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Na mbabula iwake nje.

Mwenye kukosa kaye aseme Jumamosi kwenye mkutano, tutachanga.