Barua ya Mjomba kwa Mpwa Aliyejenga Kizota, Kuhusu Mapipa ya Maji ya Mvua

Mpwapwa, Oktoba



Mpwa aliuliza anunue mapipa mangapi, na ya aina gani, kwa ajili ya bustani iliyo nyuma ya nyumba yake mpya ya Kizota, Dodoma, na swali hilo, ingawa linafanana na swali la sokoni, hujibiwa kwanza kwa hesabu ya paa. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Disemba na kukoma Aprili, na mvua ya mwaka mzima mjini hapo ni takriban milimita 570. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba; kwa hiyo nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 hupokea zaidi ya lita 45,000 kwa mwaka, na hata ikiondolewa sehemu moja ya tano inayorukia nje au kukauka juu ya bati la moto, hubaki lita kama 36,000. Tembe za Wagogo, nyumba zenye paa bapa la miti na udongo, hazikuweza kutoa maji safi namna hiyo, kwa kuwa udongo huinywa mvua na kinachochuruzika huwa tope. Bati ndilo lililoleta neema hii, ingawa wengi walioezeka bati bado huiacha mvua ichimbe mashimo chini ya upenu.

Pipa la kawaida hubeba lita 200, na paa la nyumba iliyotajwa hulijaza kwa mvua ya milimita tatu hivi, yaani kwa manyunyu ambayo hayamzuii mtu kwenda dukani. Upande wa matumizi, kitalu cha mboga chenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano huhitaji lita 20 hadi 25 kwa siku ya jua kali, kiasi ambacho ni dumu moja na ziada kidogo, hivyo pipa lililojaa hukihudumia kwa siku nane hadi kumi. Muda huo unatosha kuvusha mchicha au bamia katika vipindi vya ukavu vinavyojitokeza katikati ya msimu, mvua inapokatika ghafla wakati miche ndiyo kwanza imeshika. Na kipimo kinachofaa, kwa maoni ya mjomba, ni pipa moja kwa kila kitalu. Anayetarajia pipa hilohilo limfikishe Novemba kwa kutunza mboga za kiangazi anajidanganya, kwa sababu kitalu hicho kimoja kingehitaji zaidi ya lita 4,000 kwa miezi saba ya ukame, na kazi hiyo ni ya simtanki kubwa au ya kisima cha saruji kilichochimbwa ardhini. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako pia kiangazi ni kirefu, katika miaka ya 1980 familia nyingi vijijini zilijengewa au zilijifunza kujenga mitungi ya saruji ya lita 2,000 hivi, yaani mara kumi ya pipa. Mpwa akianza na mapipa mawili mwaka huu na kuweka akiba ya tangi kubwa mwaka ujao, atakuwa amepanga vizuri; akinunua mapipa kumi mara moja, atakuwa ametumia fedha za tangi bila kupata tangi.

Katika kuchagua, jambo linalopita yote ni kujua pipa lilibeba nini kabla ya kufika sokoni. Mapipa mengi yanayouzwa ni mitumba ya viwandani, na lile lililobeba dawa ya kuua wadudu, rangi au kemikali ya kiwandani halifai hata likioshwa mara saba, kwa kuwa plastiki hunyonya baadhi ya vitu hivyo na kuvirudisha polepole kwenye maji. Muuzaji asiyeweza kueleza asili ya mali yake aachwe na mali yake. Linalofaa ni lile lililobeba mafuta ya kula au sharubati, lenye alama ya pembetatu yenye namba 2 ndani yake, alama inayoonyesha aina ya plastiki ngumu itumiwayo pia kwa vyombo vya chakula. Rangi ya buluu au nyeusi ni bora kuliko nyeupe inayopitisha mwanga, maana mwanga ndio unaootesha mwani, ule utando wa kijani unaoziba koki. Pipa la chuma huvutia kwa uimara wake, lakini hushika kutu na mara nyingi lilibeba lami au mafuta ya mitambo.

Pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, kwa hiyo lisikalishwe juu ya matofali mawili yaliyolazwa kwenye udongo mtupu, ambao hulainika mvua inapoanza; lijengewe jukwaa la matofali ya saruji lenye kimo cha nusu mita hivi, ili ndoo iingie chini ya koki, na koki ifungwe juu kidogo ya kitako ili tope litulie chini. Mfereji wa bati, ambao mafundi huuita gata, uinamishwe kuelekea pipa kwa sentimita moja katika kila mita mbili. Paa la Kizota hukusanya vumbi la miezi saba pamoja na kinyesi cha ndege, na kwa sababu hiyo maji ya dakika za mwanzo za mvua ya kwanza yaelekezwe kando, kama lita 40 hadi 80 kwa paa la ukubwa uliotajwa, kabla ya bomba kurudishwa kwenye pipa. Hata baada ya hapo maji hayo ni ya bustani na kufua. Anayetaka kuyanywa ayachemshe.

Mdomo wa pipa ufunikwe kwa mfuniko unaofungwa, kwa ajili ya watoto, na kila tundu liwekewe wavu wa chandarua, kwa ajili ya mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda kutaga ndani ya vyombo vya nyumbani vyenye maji yaliyotuama, na kwenye joto yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi.

Linalosahaulika zaidi ni mrija wa kufurika, yaani bomba la juu linalotoa maji pipa linapojaa. Kwa kuwa pipa hujaa kwa milimita tatu tu, sehemu kubwa ya mvua ya msimu itapita kwenye mrija huo, na fundi akiuacha umwage ukutani, msingi wa nyumba utalipa gharama. Mrija uwe na unene usiopungua ule wa bomba la kuingizia, na upeleke maji kwenye mashimo ya kina cha sentimita 60 yaliyojazwa samadi na majani, ambamo mpwa apande mipapai na mzabibu mmoja wa kivuli. Mashimo hayo yatahifadhi unyevu mwingi kuliko pipa lenyewe, na mizizi itautafuta hata mvua ikishakoma.

Kiangazi kikifika mapipa yaoshwe, yalazwe kivulini na kufungwa kamba, kwa sababu jua huipasua plastiki na upepo wa Dodoma hulibeba pipa tupu hadi kwa jirani.

Mjomba anakusudia kupita Kizota mwishoni mwa Disemba, na ataomba aonyeshwe mrija wa kufurika kabla ya kukaribishwa chai.

Mjomba wake.